Sekunde Kumi za Kekeo Zimeharibiwa

Katika filamu hii mpya ya kekeo, twende moja kwa moja pale mlipopaona: kekeo jike anatua kwenye kiota cha shoro katikati ya matete, na ghafla picha inaanza kwenda polepole. Bawa linapanda, linashuka, jicho la njano linajaza kioo, fidla zinalia. Tendo linalomalizika kwa takriban sekunde kumi limevutwa karibu dakika nzima. Ni kosa, na limeiangusha filamu yote.

Ufundi wa ndege huyu umo katika kasi. Huvizia mtini mchana mzima, na alasiri hushuka kimya, hudonoa yai moja la mwenyeji akalibana mdomoni, hutaga lake palepale, huyoo! Mtazamaji alipaswa kuduwaa na kuuliza ametaga saa ngapi. Ukimpunguzia mwendo, anaonekana anataga kwa raha zake, na shoro anageuka mpumbavu asiyeona. Shoro si mpumbavu. Akimkuta kekeo karibu na kiota humvamia, na yai analolitilia shaka hulitupa.

Tena picha ikishavutwa, sauti yake haifai. Watengenezaji wakaizima, wakamwaga muziki. Hapo wamelifuta pigo la mwisho: jike akisharuka hutoa mlio wa kububujika unaofanana na wa kipanga (ule wa “kuku” ni wa dume). Jenny York na Nick Davies wa Cambridge walionyesha mwaka 2017 kwamba shoro wakiusikia huingiwa na hofu ya adui, na yai la kigeni hupona. Sisi tumesikilizishwa fidla.

Tendo hilohilo liliwahi kupigwa vizuri: mwaka 1921, huko Pound Green, Worcestershire, Edgar Chance alimficha mpigapicha Oliver Pike kando ya kiota ambacho alijua kekeo atakijia. Wengi waliapa kwamba kekeo hutaga chini, kisha hubeba yai lake kwa mdomo. Filamu yao isiyo na sauti ilimaliza ubishi: yai la mdomoni ni la mwenye nyumba. Chance alikuwa mkusanyaji wa mayai, tabia nisiyoitetea, lakini alimheshimu mtazamaji. Hakuna aliyemfikia tangu hapo.

Turudi kwenye filamu hii. Kinda akisukuma mayai nje kwa mgongo: safi. Ramani ya safari ya kwenda Kongo: safi.

Na lile nililolipigia kelele miaka yote limerudiwa: msimulizi anauita ukoo mzima wa kekeo wezi. Dudumizi, ambaye watu wa pwani wakimsikia hutazama mawingu, ni wa ukoo huohuo na hujenga kiota chake mwenyewe. Kwenye bonde la Usangu, dume wa dudumizi mweusi huatamia mayai na kulisha makinda peke yake. Huyo hajapewa hata sekunde.

Kipande cha kutaga kihaririwe upya: mwendo wake halisi, muziki utoke, na maikrofoni ibaki wazi mpaka jike avuke matete na mlio wake usikike wote.