Barabara Husomwa Ukingoni

Fundi wangu wa baiskeli hukaa chini ya mti upande wa Kangemi, ng'ambo ya Waiyaki Way ukitokea Loresho. Nikimpelekea pancha haniulizi nilipita wapi. Huitoa tyubu, akaingiza vidole ndani ya tairi na kupapasa mzunguko mzima polepole, kisha akachomoa kitu kwa koleo na kukiweka kwenye kiganja changu. Kikiwa mwiba mrefu, mgumu, husema, "Leo ulikuwa kwa matajiri." Huo ni mwiba wa kayaba, mmea wa ua unaozunguka maboma ya zamani huku kwetu. Mtunza bustani akishaupunguza, matawi hukusanywa, miiba ikabaki kando ya lami. Kikiwa kigae cha chupa, huniuliza kwa mzaha ni baa gani. Kikiwa kiwaya chembamba kama unywele, hutikisa kichwa: huo ni uzi wa chuma kutoka tairi la lori lililopasuka, na nyumbani kwake ni barabara kuu.

Kwa miaka nilimchukulia kama mziba pancha tu. Siku hizi namwona mhakiki wa barabara, kwa sababu vitu vyote anavyochomoa vimetoka mahali pamoja: ile hatua moja ya mwisho upande wa kushoto, kati ya lami na mtaro. Mwenye gari huisoma barabara katikati, akasema ni nzuri au mbaya. Mwenye baiskeli maisha yake yote yako ukingoni. Kwa hiyo ukitafuta pa kuendesha baiskeli katika jiji hili la Nairobi, usiulize kama barabara ni nzuri. Uliza ukingo wake ukoje.

Fuata mgongo, usiukate

Kabla ya ukingo, itazame ardhi yenyewe. Nairobi ya magharibi haikukaa tambarare. Mito hushuka kutoka nyanda za juu za Kikuyu na Limuru ikielekea kusini mashariki, na kati ya mto na mto umebaki mgongo mrefu. Loresho ni mmoja wa migongo hiyo. Barabara yake moja inaitwa Loresho Ridge, yaani wameuita mgongo kwa jina lake. Ukiufuata mgongo, mwinuko ni wa taratibu, pengine utaugundua kwa pumzi tu. Ukiukata kwenda mgongo wa pili, unaporomoka hadi mtoni breki zikilia, kisha unapanda ukiwa umesimama kwenye pedeli. Jaribu kutoka Loresho kwenda Limuru Road kupitia Kyuna na Spring Valley. Ramani itakuonyesha mwendo mfupi, lakini miguu itahesabu mabonde. Na mtaa unaoitwa bonde la chemchemi ulikuwa umeshakuonya.

Ndiyo maana mwendeshaji mzoefu, akifungua ramani, hutafuta mito kabla ya barabara. Lower Kabete Road, inayotoka Westlands kwenda Wangige, ina wema huo wa kupanda kidogo kidogo kuelekea nyanda za juu. Katikati ya jiji ni karibu meta 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ukifika Limuru, kwenye majani chai, umepita meta 2,000. Kanuni yangu ni fupi: kupanda wakati wa kwenda, kushuka wakati wa kurudi. Anayeanza kwa kuteremka kwenda mjini hukutana na mlima saa ambayo maji yamekwisha kwenye chupa.

Migongo hii ina shahidi wake. Kule Mai-a-Ihii, Kikuyu, ndiko mwendeshaji David Kinjah na kikundi chake cha Safari Simbaz walikomlea kibaiskeli kijana aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, Chris Froome, ambaye baadaye alishinda Tour de France mara 4: 2013, 2015, 2016 na 2017. Wengi husifu mapafu yake. Mimi huisifu pia ardhi iliyoyafundisha kazi.

Kimo, mtaro na takataka

Sasa shuka kwenye baiskeli, usimame kando ya barabara unayoipima. Tazama chini.

La kwanza ni kimo. Lami yetu huwekwa juu ya lami nyingine, huku bega la udongo likiliwa na mvua mwaka hadi mwaka. Hapo hutokea ngazi. Ikiwa kimo chake ni kidole gumba kilicholazwa, gurudumu litashuka na kupanda tena bila ugomvi. Ikikaribia shibiri, barabara hiyo si ya baiskeli hata kama lami yake ni laini kama meza. Siku matatu itakapokubana, hutakuwa na pa kukimbilia.

La pili ni mtaro. Mtaro wa wazi unaoonekana hauna hila. Utaupa nafasi yake. Wa kuogopwa ni ule uliofunikwa nusu, ambao mfuniko mmoja umevunjika na majani yameziba tundu. Ukiona vyuma vya mfereji vimelala sambamba na mwendo wako badala ya kuukatiza, ujue aliyeviweka hakuwahi kufikiria gurudumu jembamba.

La tatu ni takataka. Magari mengi husafisha njia yao wenyewe kwa kusukumia mchanga, vigae na nyaya pembeni. Kwa hiyo barabara yenye shughuli nyingi huwa na katikati safi na ukingo mchafu, na ndiyo inayomletea fundi wangu riziki. Mitaani huku kwetu hesabu ni nyingine: tazama ua. Ua wa kayaba uliokatwa leo ni ukingo wa kuepuka hadi mvua mbili tatu zipite. Mwezi wa Oktoba mijakaranda humwaga maua ya zambarau, watu wakasimama kupiga picha. Piga picha nawe, lakini maua yakilowa, usikate kona juu yake.

Usisahau udongo. Huku magharibi ni mwekundu. Ukikauka ni mgumu na mtamu kuendeshea, ukilowa unateleza kama sabuni. Ukielekea kusini na mashariki mwa jiji utakutana na udongo mweusi, ambao hautelezi tu bali hujaza nafasi kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu likatae kuzunguka, nawe ubebe kilichokuwa kikikubeba. Njia ya changarawe haihukumiwi siku ya jua. Irudie kesho yake baada ya mvua.

Matuta na steji

Tuta la Nairobi ni mtihani wenye swali moja: kati ya mwisho wa tuta na mtaro pana pengo la kiasi gani? Pengo pana kuliko usukani wako ni zawadi, unapita bila kupunguza mwendo. Lakini zawadi hiyo ina wagombea. Mwenye bodaboda analitaka pengo hilohilo, tena anakuja kwa kasi kutoka nyuma. Geuza shingo kwanza, ndipo uingie. Pengo jembamba afadhali lisingekuwepo, maana linakualika halafu linakubana.

Steji ihesabu pia. Matatu hupinda kushoto mbele yako bila taarifa, abiria akaruka kabla haijasimama. Kila steji ni mahali ambapo ukingo si wako kwa muda. Barabara yenye steji tatu katika kilomita moja huchosha akili kuliko mlima, na ukiwa na barabara mbili za kuchagua, chukua yenye steji chache hata ikiwa ndefu zaidi.

Njia zilizochorewa baiskeli

Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilitoa sera ya usafiri usiotumia injini, na barabara kadhaa kubwa zina njia za pembeni kwa miguu na baiskeli. Thika Road ilikuwa nazo ilipokamilika 2012. Ngong Road ilipopanuliwa ilipata zake. Ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, mchoro wa baiskeli sakafuni ni ahadi tu, na ahadi hupimwa kwa utekelezaji. Mimi huipima njia ya namna hiyo kwa maswali mawili. Je, inavuka njia panda, au inaishia kwenye ukuta wa zege na kukuacha ujitafutie? Na saa kumi na moja jioni, nani anaitumia: waendao kwa miguu na baiskeli, au vibanda na pikipiki zilizoegeshwa?

Barabara ya juu, Nairobi Expressway, ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa 2022, na baiskeli haziruhusiwi. Usiipigie hesabu yoyote. Kinachokuhusu ni kilichobaki chini yake.

Saa ya barabara

Hakuna barabara moja. Kuna barabara ya saa moja asubuhi Jumapili na barabara ya saa moja asubuhi Jumatatu, nazo hazijuani. Hapa jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, zidi au punguza dakika chache. Jumapili, tangu mapambazuko hadi kama saa tatu, hata Kenyatta Avenue hukubali baiskeli. Baada ya hapo huanza magari ya kwenda kanisani, yakiendeshwa na watu waliochelewa.

Siku za kazi, njia za Loresho huwa za waendao kwa miguu: kina mama na vijana wanaopanda kutoka Kangemi na Kibagare kuja kazini, wakitembea wawili wawili ukingoni palepale unapopahitaji wewe. Wao ndio wenye haki ya ukingo. Punguza mwendo, sema "samahani" mapema, upite kwa upana. Njia ambayo huwezi kuipita bila kuwafokea watu wa miguu haikufai saa hiyo, hata iwe na kivuli kiasi gani. Na mlinzi wa geti msalimie. Atakumbuka sura yako siku utakapohitaji maji.

Mwangalie mwenye mzigo

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote hakitoki kwenye ramani. Wangige ni soko linalojulikana kwa mayai, na asubuhi moja nilimfuata mtu aliyekuwa akishuka kutoka huko na Blakmamba, ile baiskeli nzito ya chuma, trei za mayai zikiwa zimefungwa nyuma kwa mpira. Nilikuwa na gia nyingi, yeye hana hata moja, lakini sikumpita. Nilikuwa nasoma.

Penye ngazi ndefu ukingoni hakukumbatia ukingo. Alikwenda kidogo katikati mapema, kabla gari halijafika, akaishika njia yake bila kuyumba, magari yakamsubiri. Penye tuta lenye pengo, aligeuza shingo mara moja akapita. Penye tuta lisilo na pengo alisimama juu ya pedeli, magoti yamelegea, baiskeli ikayumba chini yake na mayai yasijue. Kwenye njia panda yenye steji alishuka kabisa, akasukuma. Kisha akaiacha lami akashika kinjia cha udongo ambacho mimi nilikuwa nimekipita mara nyingi nikidhani kinaingia shambani kwa mtu. Nikaingia nyuma yake. Kilikwenda sambamba na barabara, chini ya miti, kikatokea mbele bila steji hata moja.

Mtu asiyebeba kitu anaweza kuisamehe barabara makosa yake. Mwenye mayai hawezi. Ukifika mtaa mgeni, kabla hujamuuliza mtu yeyote mwenye baiskeli ya bei ghali, tafuta mwenye trei za mayai, mwenye kreti ya mkate au mwenye madumu ya maji, utazame anapita wapi.

Pasipo ukingo

Na siku unayotaka kupumzika na ukingo? Nenda Karura. Msitu huo wa zaidi ya hekta 1,000, uliotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932, uko nasi leo kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walikataa ugawiwe wajenzi, wakapigwa langoni mwake Januari 1999. Unalipa kiingilio, unaingia kwenye njia za udongo zisizo na magari, na kila njia panda ina nguzo yenye namba, kwa hiyo kupotea kunahitaji juhudi. Hapa vipimo hubadilika: tazama mizizi iliyovimba juu ya njia, kona usizoona mbele yake, na watembeao na watoto, ambao wako mbele yako kwa kila haki. Usiende kutafuta kasi. Msitu wenye waendeshaji wa kasi ni barabara kuu iliyopandwa miti.

Nimejifunza haya yote polepole, na gharama yake iko mfukoni mwa fundi. Mwezi uliopita nilimpelekea baiskeli si kwa pancha bali kwa breki. Kwa mazoea tu akalipapasa tairi la nyuma, vidole vikazunguka hadi mwisho bila kusimama popote. Akavitazama. Vilikuwa na udongo mwekundu tu.

"Siku hizi unapita wapi?" akaniuliza, kwa mara ya kwanza tangu tujuane.

Nikamwambia napita anakopita mwenye mayai. Akacheka, akanitoza bei ya breki, akanikumbusha kuwa ua wa kayaba wa pale kwenye kona umekatwa jana.