Kielezi Kinapotangulia Kiima

Miongoni mwa mambo ambayo mfasiri wa Kiingereza huyapita bila ya kuyatupia jicho ni mahali pa kielezi. Neno lenyewe hulitafuta kwa juhudi, kamusi akaichakura, lakini pale lilipokaa halimshughulishi. Matokeo yake tunayaona katika hadithi zinazotafsiriwa, na hata katika zile zinazotungwa kwa Kiswahili na waandishi waliolelewa na riwaya za Kiingereza. Aya hadi aya, sentensi huanza na "ghafla", "taratibu" au "kwa huzuni", ukafuata mkato, kisha ndipo mtu akaja akatenda. Maneno ni yetu, mwendo si wetu.

Tuanze kwa kukifanyia Kiingereza insafu. Katika sentensi ya wakati uliopita, kielezi cha namna hukaa kwa kawaida baada ya kitenzi au karibu nacho. Kikitangulizwa mbele ya kiima, kimepelekwa huko kwa kazi maalumu, na mara nyingi kazi hiyo ni maana. Anayeandika "He answered foolishly" anasema kwamba jibu lilikuwa la kipumbavu. Anayeandika "Foolishly, he answered" anasema jambo jingine: huenda jibu lilikuwa la busara kabisa, upumbavu ni kule kujibu. Neno ni lile lile, kilichobadilika ni kikao chake. Sasa mfasiri akituletea "Kwa upumbavu, alijibu", amezikosa maana zote mbili. Kiswahili kina "alijibu kipumbavu" kwa ile ya kwanza, na "alifanya upumbavu kujibu" kwa ile ya pili. Tofauti ambayo Mwingereza huionesha kwa kukihamisha kielezi, sisi huionesha kwa kubadili muundo wa sentensi.

Kazi nyingine ni ya kupindua. Katika Kiingereza cha kale, sentensi ikianza na kielezi kama "hapo" au "kisha", mara nyingi kitenzi kilikitangulia kiima. Kanuni hiyo imekufa, ila mabaki yake yangalipo. Husemwa "Down came the rain", yaani mvua ikashuka, kiima kikiwa mwisho. Lakini kiima kikiwa ni kiwakilishi tu, husemwa "Down it came", mpangilio ukarudi kama kawaida. Sababu yake si fumbo. Kilicho kipya huwekwa mwisho ili msikilizaji akingojee; kilichokwisha kujulikana hakina haja ya kungojewa.

Hapa ndipo wafasiri wetu wanapojidhulumu, maana hazina hiyo tunayo, na yetu ni pana zaidi. Kila mtoto wa visiwani aliyesimuliwa hadithi na bibi yake anajua inavyoanza: hapo zamani za kale paliondokea mtu. Kielezi kimetangulia, kitenzi kikafuata, mtu akaja mwisho. Na kitenzi hakikupatana na mtu. Kimepatana na mahali. Mwingereza husema "At the door stood an old man", nasi husema "Mlangoni palisimama mzee". Kisha tunamzidi, kwa kuwa tunaweza kusema "Chumbani mliingia nyoka", na "Pwani kulivuma upepo": mahali dhahiri, mahali pa ndani, na mahali palipoenea, kila pamoja na kiambishi chake. Kitenzi cha Kiingereza hakina uwezo huo. Mfasiri anayeandika "Mlangoni, mzee alisimama" ameuacha utajiri huu na ameharibu habari yenyewe, kwani mzee wake sasa anasikika kama mtu tuliyekwisha kumjua, wala si mgeni anayetokeza.

Upo pia ule mfululizo wa matendo. Msimulizi wa Kiingereza, akichelea sentensi zake zisifanane, huanza moja kwa "suddenly", nyingine kwa "quickly", ya tatu kwa "silently". Kiswahili hakihitaji nguzo hizo, kwa sababu kina -ka- ya kuunganisha matendo, na kina vitenzi vilivyobeba namna ndani yake. "Ghafla aliinuka, kwa haraka aliichukua taa, kimyakimya alishuka ngazi" ni sentensi isiyo na kosa la sarufi, wala haina uhai. "Akakurupuka, akainyakua taa, akashuka ngazi akinyata" imesema yote hayo, na kielezi hakikuitwa hata mara moja. Kadhalika, pale Mwingereza anapoanza na "Hardly had he sat down", sisi husema "Hajakaa sawasawa, paa likaporomoka". Kile kielezi chake kimemezwa na -ja- yetu.

Wapenzi wa ushairi watauliza jambo hili linawahusu nini. Linawahusu sana. Ubeti wa jadi wa Kiingereza huenda kwa mkazo, na vielezi vingi vya lugha hiyo, kama "slowly" na "softly", mkazo wao uko katika silabi ya kwanza. Kukianzisha mshororo kwa kielezi ni kuupiga kishindo mwanzoni. Sisi twahesabu mizani. "Polepole alikuja" ni mizani nane, na "Alikuja polepole" ni mizani nane vilevile. Kishindo hakuna, kinachoamua ni kina, ikiwa kipande kitafungwa kwa "ja" au kwa "le". Kwa hiyo mtunzi wa tarbia ana uhuru wa kukitanguliza kielezi au kukichelewesha, na wasomaji hawamlaumu, maana wanaisikia sababu. Mfasiri asiyefuata vina, kama Julius Nyerere alipoifasiri Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963, hana udhuru huo. Kwake kila kielezi kilichotangulia lazima kijieleze kwa maana peke yake. Mwandishi wa nathari naye yumo katika hali hiyo hiyo.

Hatusemi kwamba kielezi kisitangulie. "Jana", "alfajiri" na "siku ya pili yake" hutangulia kwa haki, kwani hutandika jamvi ambalo habari itakaa. "Ghafla" nayo ina siku yake, ikija mara moja katika sura nzima, pale msomaji anapopaswa kushtuka. Ikija katika kila aya, hakuna anayeshtuka tena. Tunachokipinga ni kuchukua mpangilio wa lugha moja, ulioundwa na upungufu na historia yake, na kuuvisha lugha yenye njia zake.

Ziko tafsiri zinazosifiwa kwa uaminifu kwa kuwa kila neno limeletwa, na limeletwa kwa zamu yake. Uaminifu wa namna hiyo ni kwa karatasi. Mfasiri akutanapo na kielezi kilichotangulia, ajiulize kwanza kimepelekwa pale kufanya nini: kuhukumu tendo, kumchelewesha mgeni, kutandika wakati, au kupunguza kuchosha tu. Tatu za mwanzo azitafutie njia yake ya Kiswahili, ambayo aghalabu imo katika kitenzi. Ile ya nne aiache hukohuko ilikotoka.