Kurasa za Manjano

Mtu akiniuliza ni kitabu gani kilinifundisha kusoma, hutarajia nitaje riwaya. Mimi hutaja kitabu cha tiba: Where There Is No Doctor cha David Werner, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1977, na ambacho kwa Kiswahili kinaitwa Mahali Pasipo na Daktari. Nyumbani Kisegi, upande wa Homa Bay, nakala yetu ya Kiingereza ilikaa juu ya kabati, imefungwa kwa nailoni isilowe mvua.

Usiku mmoja mpwa wangu alianza kuhara. Dani, ndiye bibi yetu, akaniambia, "Nyakwara, wewe ndiye umesoma. Lete hicho kitabu." Nikakifungua mwanzo, kama nilivyozoea shuleni. Hebu fikiria: mtoto anazidi kulegea, mimi niko kwenye utangulizi! Dani hakujua Kiingereza, lakini macho alikuwa nayo. "Kwani hizi kurasa za rangi ni za nini?"

Za kijani zinaeleza dawa, vipimo na tahadhari zake. Za manjano, kule nyuma, ni faharasa. Hiyo ndiyo iliyonipeleka moja kwa moja kwenye kinywaji cha chumvi na sukari. Kwa lita moja ya maji, chumvi ni nusu kijiko cha chai, tena kijiko kilichosawazishwa. Papo hapo pana onyo: kabla ya kutia sukari, onja, kisiwe na chumvi kushinda machozi. Dani akaonja, akakunja uso, akamwaga. Nilikuwa nimejaza kijiko. Tukaanza upya, na kulipokucha tukampeleka mtoto zahanati.

Onyo hilo lingewekwa sura nyingine, singelifikia. Ndiyo maana sikubaliani na wahakiki wanaohesabu faharasa, vichwa vidogo, michoro na visanduku vya tahadhari kuwa mapambo ya mchapishaji. Ni sehemu ya hoja. Werner alijua msomaji wake hafiki akiwa ametulia kitini. Anafika usiku, ana hofu, anaingilia katikati. Hata maneno magumu aliyaandika kwa herufi za mlazo, kisha akayafafanua kwenye orodha ya maneno nyuma.

Lakini kasoro ipo. Faharasa ya alfabeti humfungulia mlango anayejua tayari jina la ugonjwa, tena kwa lugha ya kitabu. Dani alizitambua dalili kunishinda, ila mlango huo haukuwa wake. Yeye aliingilia kwenye michoro. Faharasa nzuri ingeanza na maneno ya mgonjwa, si ya daktari.

Sasa tazama rafu yangu ya vitabu vya Kiswahili: wasifu, historia, ukulima. Vingi havina faharasa kabisa. Nikitaka kujua mwandishi alisema nini kuhusu Suba, sharti nisome kurasa mia tatu. Mwandishi wa namna hiyo ananiambia, bila kutamka, kwamba muda wangu si kitu.

Siku hizi nikipewa kitabu cha maarifa nihakiki, naanzia nyuma. Ile nakala ya nyumbani bado ipo. Utangulizi wake ni safi kama mpya. Kurasa za manjano zimechakaa hadi zinachanika.