Nje ya Gari ni ya Walio Nje

Mwenye gari akishaketi nyuma ya usukani, halioni bampa lake, hayaoni madigadi yake, wala taa zake hazimchomi machoni. Wanaokutana na hivyo vyote ni wengine: mama aliyejitwika kuni kando ya njia, mtoto atokaye shule, kijana wa baiskeli aliyefunga gunia la muhogo nyuma. Hata hivyo, tunapokwenda kuchagua spea za nje, ama za kuziba pengo la zilizovunjika ama za kuliongezea gari sura, hatumwulizi hata mmoja wa hao. Twauliza bei, twauliza rangi, twauliza kama inang'aa. Mimi nataka kuzihukumu spea hizo kwa swali moja tu: je, kifaa hiki kinamtendea nini mtu aliye nje?

Kipimo changu nakiweka Ngumbo, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, katika nchi ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga, kabla ya kuzaliwa Wilaya ya Nyasa. Kutoka mjini Mbinga kuteremka hadi Mbamba Bay ni kilomita 66 za milima na kona, nazo zimepata lami. Ukifika ziwani ukafuata ufuko kuelekea kaskazini kupitia Liuli, waingia katika njia iliyokuwa ya watu kabla ya kuwa ya magari. Humo hupita wavuvi na usipa wao, wanafunzi, mbuzi, na waendao zahanati. Ukitaka kujua thamani ya bampa, usiliangalie dukani. Liangalie katika njia kama hiyo.

Wazee wetu walilizoea Land Rover, nalo ndilo mwalimu wa kwanza katika somo hili. Lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, wakati ambapo chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, hivyo bodi yake ikaundwa kwa bati la aluminiamu. Umaskini ule ulizaa busara. Mabati yake mengi yalikuwa bapa, tena yamefungwa kwa boliti. Madigadi likigonga mti, fundi aliye na spana na nyundo angeweza kulifungua, kulinyoosha juu ya gogo na kulirudisha. Lakini tusilisifu kupita kiasi. Pale aluminiamu inapogusana na chuma, maji yakiingia kati, huliwa na kuwa unga mweupe. Na bampa lake la mbele lilikuwa ubao wa chuma usiomhurumia mtu. Lilimfaa fundi, na lilimfaa mwenye gari. Mtembea kwa miguu halikumfikiria.

Kisha yakaja magari ya Kijapani yaliyokwisha tumika kwao. Mlango ulianza kufunguka mwaka 1984, Serikali ilipowaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na miaka ya tisini ukawa wazi kabisa. Bampa likawa la plastiki. Wengi walilicheka: bampa gani hili, likiguswa lapasuka? Mafundi wetu wakajibu kwa kulishona kwa waya, kama mtu anavyoshona kibuyu kilichopasuka. Mimi silioni bampa lililoshonwa kuwa aibu. Ni kazi ya kweli ya mkono, na linaonyesha wazi ajali iliyopita bila kuificha kwa puti na rangi. Ila liwe na sharti: ncha za waya zikunjwe ndani, zisimchane mtu. Tena lijulikane kuwa plastiki ile ni ngozi tu. Nyuma yake, katika magari mengi, mna povu gumu na mhimili wa chuma, na hivyo ndivyo vinavyopokea kishindo. Anayenunua ngozi mpya ya kung'aa, akaacha mhimili uliopinda nyuma yake, amevaa koti juu ya mbavu zilizovunjika.

Sasa nije kwenye ngao, ile mirija mikubwa ya chuma inayofungwa mbele ya gari. Hii ndiyo spea ya nje inayopendwa kuliko zote, na ndiyo ninayoilaumu kuliko zote. Asili ya umaarufu wake ni mashamba ya Australia, ambako dereva husafiri usiku mamia ya kilomita na kugongana na kangaruu. Kule ina maana. Kwetu imekuja kama heshima: gari lenye ngao huonekana la mkubwa. Lakini tuitazame ikiwa njiani. Boneti la bati hubonyea likigongwa, na kule kubonyea ndiko kunakopunguza kishindo kwa aliyegongwa. Ngao haibonyei. Imefungwa moja kwa moja kwenye chesesi, na mirija yake ya juu, katika gari refu, iko sawa na kifua au kichwa cha mtoto wa darasa la kwanza. Kwa sababu hiyo Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2005 kwamba ngao kama hizo zipimwe kwanza kwa jinsi zinavyomwumiza mtembea kwa miguu. Hata aliye ndani hafaidiki kila mara, maana ngao ngumu yaweza kubadili namna kishindo kinavyofika kwenye mitambo inayoamuru mifuko ya hewa ifumuke.

Najua jibu la dereva wa huko: mbuzi na ng'ombe wako barabarani, na taa ikivunjika, spea iko mbali. Ni kweli, nami siidharau hasara hiyo. Taa iliyovunjika Ngumbo huenda ikasubiri mpaka apatikane mtu wa kwenda Songea, au mpaka ndugu aingie Gerezani huko Dar es Salaam. Lakini taa ilindwe kwa wavu mwepesi mbele ya kioo chake. Haihitaji reli ya treni. Na dawa ya mbuzi ni mwendo.

Kuhusu taa zenyewe, kosa lake ni la siri zaidi. Taa ya mbele, ikishushwa, haimwagi mwanga sawa pande zote; hutengenezwa iinue mwanga kidogo upande wa ukingo wa barabara na kuushusha upande wa anayekuja. Sisi huendesha kushoto, na Wajapani vivyo hivyo, kwa hiyo taa yao yatufaa. Lakini Falme za Kiarabu huendesha kulia, na taa iliyotengenezwa kwa barabara za huko, ikifungwa kwetu, huinua mwanga wake machoni pa anayekuja mbele. Kwa sura hazitofautiani. Zote zinang'aa dukani. Vivyo hivyo balbu kali nyeupe zinazotiwa katika taa zilizoundwa kwa balbu ya kawaida: mwanga hutawanyika ovyo, mwenye gari akadhani anaona mbali, kumbe amempofusha mwendesha baiskeli.

Kwa upande mwingine, ziko spea nyonge zisizosifiwa na mtu. Mpira wa matope nyuma ya gurudumu huzuia jiwe lisimrukie apitaye. Kioo cha pembeni kizima humwonyesha dereva mtoto aliye ubavuni. Taa nyekundu ya nyuma ya bei ndogo humwokoa mwenye pikipiki gizani. Hata mkonga wa Land Cruiser, ambao huliwezesha gari kuvuta hewa ya juu iliyo mbali na vumbi na maji, ni kifaa cha heshima ukiwa na kazi. Ukibandikwa kwa urembo tu, bila hata kuunganishwa na kichujio cha hewa, ni kama miwani isiyo na vioo.

Mtu ataniambia: gari ni langu, fedha ni zangu, uzuri nao una haki yake. Nakubali, tena nauheshimu uzuri. Lakini wakulima wa Umatengo, juu ya hilo hilo ziwa, wamechimba ngoro katika miteremko yao tangu zamani, mashimo ya kuzuia udongo usiporomoke na maji yasipotee. Hawakuyachimba ili yatazamwe, na bado mlima mzima wa ngoro ni mzuri kuutazama. Huo ndio uzuri ninaoutaka kwenye gari: utokanao na kazi iliyofanywa kwa haki.

Kwa hiyo, mwenye kwenda dukani na fedha kidogo aanze na taa zielekezwazo sawasawa, kisha vioo, kisha mipira ya matope, kisha bampa pamoja na mhimili wake. Rangi ifuate. Ngao aiache ukutani pale ilipotundikwa, kwa kuwa gharama yake haimaliziki kwa muuzaji. Sehemu iliyobaki hulipwa na mtu ambaye hakuwapo wakati wa kupatana bei.