Ramani ya Petroli Iliyochorwa Eldoret Haifiki Mombasa

Uwanja wa ndege wa Eldoret uko mita 2,116 juu ya usawa wa bahari. Alasiri yenye joto la nyuzi 24, hewa inayoingia kwenye injini pale ina uzito wa robo tatu tu ya hewa ambayo watengenezaji huipigia hesabu, yaani ile ya usawa wa bahari yenye nyuzi 15. Injini ya nguvu za farasi 100 isiyo na turbo hubaki na farasi kama 75, na ndege huhangaika kupaa kana kwamba uwanja uko mita 2,900. Marubani wa Uasin Gishu wanalijua hilo vizuri. Kinachosahaulika ni upande wa pili: injini iliyorekebishwa Eldoret ikatulia kabisa bado haijarekebishwa kwa ajili ya Kisumu, na kwa Mombasa ndiyo hata haijaguswa.

Karbureta ya kawaida, isiyo na kifaa cha kufidia mwinuko, huvuta petroli kwa nguvu ya hewa inayopita kooni mwake. Hewa ikipungua uzito kwa robo, petroli hupungua kwa asilimia 13 tu hivi, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mzito. Iliyopangwa Mombasa kwa sehemu 12.5 za hewa kwa moja ya petroli, ikifika Eldoret hutoa karibu 10.8 kwa moja. Plagi zinakuwa nyeusi, nguvu inapotea zaidi ya ile iliyochukuliwa na mwinuko, na petroli inaungua bure. Ndiyo maana ndege nyingi ndogo zina kitufe chekundu cha kupunguza petroli, na rubani wa injini ya Lycoming huelekezwa kukitumia hata kabla ya kupaa, hewa inapokuwa nyepesi kama ile ya futi 5,000 au zaidi.

Sindano za petroli zinazoongozwa na kompyuta zilikuja kuondoa kazi hiyo mkononi mwa rubani. Rotax ya Gunskirchen, Austria, ilitoa injini yake ya 912 iS mwaka 2012, na muundo wake unafaa kusomwa na yeyote anayejenga ndege nyumbani: kila silinda ina injekta mbili, kompyuta ina njia mbili zinazojitegemea, pampu za petroli ni mbili. Kikifa kimoja, kingine kinaendelea. Injini ya gari haina tahadhari hiyo. Mwaka 2010 Gabriel Nderitu wa Nyeri aliandikwa magazetini kwa kujenga ndege yake na kuifunga injini ya Toyota NZE, ukoo uleule unaobeba Corolla nyingi za barabara zetu. Ni chaguo linaloeleweka, kwa kuwa spea ziko kila mji na mafundi wanaijua. Lakini kompyuta ya Corolla imefundishwa mambo ya barabarani. Sensa moja ikikosea, inaibana injini nguvu ili dereva asogee pembeni taratibu. Angani hakuna pembeni. Anayetaka kurusha injini ya gari lazima aweke kompyuta inayopangika, na hapo ndipo kazi ya ramani inapoanza.

Ramani hiyo ni jedwali. Safu za kusimama ni mizunguko ya injini kwa dakika. Safu za kulala ni presha ya hewa ndani ya manifoldi, inayopimwa kwa kilopaskali. Kila kisanduku kina namba inayoiambia injekta ikae wazi kwa muda gani. Fundi huiendesha injini katika kila kisanduku, anasoma sensa ya oksijeni kwenye ekzosi, anaongeza au kupunguza, anasonga mbele.

Sasa tazama safu za kulala. Presha ya hewa Eldoret ni kama kilopaskali 78. Sukuma throtoli mpaka mwisho, manifoldi haitazidi hapo. Kwenda kasi hakusaidii sana: kwa noti 100, upepo unaoingia mdomoni mwa injini huongeza takriban kilopaskali moja. Kwa hiyo safu za 85, 90 na 100 hazifikiki. Zina namba, kwa sababu programu haikubali kisanduku kitupu, ila ni namba za kukisia tu. Hakuna injini iliyowahi kuzithibitisha. Kisumu hewa ina kilopaskali 88 hivi, Mombasa 101. Na si lazima uende mbali hivyo. Ukivuka ukingo wa Elgeyo ukashuka chini kabisa ya Bonde la Kerio, kisha ukalazimika kusukuma throtoli yote ili upande tena, tayari umeingia sehemu ya ramani ambayo haijapimwa na mtu.

Makosa huko juu ya jedwali ni mabaya kuliko makosa ya chini. Manifoldi yenye kilopaskali 101 hujaza silinda kwa asilimia 29 zaidi ya yenye 78, na presha ya mwako hupanda nayo. Injini inayovumilia mchanganyiko mwepesi Eldoret bila kulalamika inaweza kuanza kugonga Mombasa kwa mchanganyiko uleule na wakati uleule wa cheche. Kugonga kwenye injini ya ndege, yenye kelele za propela na upepo, hakusikiki. Utakachokiona ni joto la vichwa vya silinda likipanda, na pistoni iliyotoboka haikupi muda wa kusoma geji.

Ukubwa wa injekta nao hudanganya. Kwa mizunguko 5,800, mzunguko kamili wa kazi ya silinda huchukua milisekunde 20.7. Injekta inayokaa wazi milisekunde 12 Eldoret itahitaji 15.5 pwani, na hiyo bado ina nafasi. Ila inayokaa 15 Eldoret itahitaji zaidi ya 19, karibu muda wote, na hapo haiwezi tena kufuata amri ya kompyuta. Fundi asiyefanya hesabu hiyo ataapa kwamba injekta zinatosha, na kwa Eldoret atakuwa anasema kweli.

Kazi yenyewe ina mpangilio wake. Presha ya petroli ndiyo ya kwanza, kwa kawaida bar 3 juu ya presha ya manifoldi. Ikiyumba, kila namba ya jedwali inayumba nayo. Pampu ikae chini karibu na tangi, mbali na joto la injini, na petroli iliyobaki irudi tangini, kwa sababu kadiri hewa inavyopungua uzito ndivyo petroli ya kituoni inavyogeuka mvuke mapema zaidi kwenye bomba. Sensa ya oksijeni hufanya kazi vizuri na petroli ya kituoni, ambayo ukanda wetu uliacha kuitia risasi kufikia mwaka 2006, lakini avgas 100LL, petroli ya ndege ambayo bado ina risasi, huiua upesi. Na sensa moja kwenye ekzosi ya pamoja huonyesha wastani tu. Silinda moja yenye njaa hujificha nyuma ya tatu zilizoshiba. Kipimo cha joto la ekzosi kiwe kwa kila silinda. Punguza petroli taratibu uone kila moja inafika kilele chake wakati gani. Zikiachana sana, shughulikia injekta na njia za hewa kabla ya kugusa ramani.

Safu za juu ninazipanga hivi: petroli huongezeka karibu sambamba na presha, basi nyoosha mstari wa namba zilizothibitishwa hadi 101, ongeza asilimia 10, rudisha cheche nyuma kidogo. Hapo unakuwa na mchanganyiko mzito kwa makusudi. Kisha pakia injini na fremu yake kwenye lori, ipeleke Kisumu, ifunge imara, iendeshe kwa throtoli yote ukitazama joto la kila silinda. Baadaye fanya vivyo hivyo pwani. Gharama ya lori ni ndogo mno kuliko injini moja.

Kwa wanaojenga, na kwa wakaguzi wanaosaini: bandikeni kwenye dashibodi, mbele ya macho ya rubani, kiwango cha juu cha presha ya manifoldi ambacho ramani imepimwa. Kama kimeandikwa 78, ndege hiyo isipewe throtoli yote chini ya Eldoret.