Mkasi na Mizani: Sketi ya Mcheza Kiuno

Wahenga walinena kuwa nguo ya kuazima haisitiri matako. Methali hii twaitumia kumwasa mwenye kujipamba kwa cha mwenziwe, lakini ni nadra kuipeleka jukwaani, tukamwuliza mchezaji: hiyo uliyoivaa ni ya nani? Suali hili lastahiki kuulizwa juu ya ngoma ya kiuno ya Misri, ambayo wenyewe huiita raksi sharki, yaani ngoma ya Mashariki. Leo yachezwa Cairo na San Francisco, na wengi wa wachezaji wake walio nje ya Misri hujishonea sketi kwa mikono yao. Nadai kwamba mshono huo ni sehemu ya sanaa yenyewe, na wapasa kuhakikiwa kama tuhakikivyo utungo.

Kwanza tuondoe dhana moja. Wapo washikiliao kuwa kuna "vazi la asili", kisha wakaashiria sidiria ya shanga, mkanda wa nyonga na sketi nyepesi. Walakini Edward Lane, katika kitabu chake cha mwaka 1836 kuhusu Wamisri, aliwaeleza ghawazi wakiwa na koti refu la kubana na suruali pana, mavazi yaliyokaribiana na ya wanawake wa tabaka la kati wawapo majumbani. Vazi la vipande viwili tulijualo lilistawi baadaye, katika kumbi za starehe kama ile aliyoifungua Badia Masabni mjini Cairo mwaka 1926, na ndani yake mna mengi ya majukwaa ya Ulaya na ya filamu za Hollywood. Hiyo iitwayo asili nayo iliazima.

Ikiwa ni hivyo, umiliki utapatikana wapi? Jawabu langu ni kwamba utapatikana katika kipimo. Anunuaye sketi dukani hununua nyonga za mtu asiyekuwapo. Ajishoneaye hana budi kuanza na mwili wake, tena hupima nyonga, maana sketi hii hukaa chini ya kitovu. Tuseme nyonga ni sentimita 100. Akizigawa kwa 6.28 hupata takriban 16, nao ndio umbali kutoka katikati ya duara hadi ukingo wa tundu la juu. Akiongeza urefu wa sentimita 95, pindo huwa mbali na katikati kwa sentimita 111. Kitambaa chenye upana wa sentimita 115 na urefu wa mita 4 na nusu hutoa nusu duara mbili, na pindo lake huzunguka karibu mita 7. Nyonga moja kwa pindo saba! Mshairi aujuaye mshororo wa mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao, atazitambua mara moja nusu hizo mbili zikutanapo ubavuni. Kosa la sentimita moja katika umbali ule wa juu hulipanua tundu kwa zaidi ya sentimita 6, na sketi ikateremka.

Kisha yatakiwa subira. Kitambaa kilichokatwa duara huvutika pale kilipokaa hanamu. Kwa hiyo sketi hutundikwa usiku kucha, ndipo pindo likasawazishwa mchezaji akiwa ameivaa pamoja na mkanda wake. Asiyengoja hukanyaga pindo lake mbele ya watu.

Lakini ustadi wa mshono hautoshi. Lazima tuulize iwapo sketi yaidhihirisha ngoma au yaifunika. Edward Said, katika insha yake ya mwaka 1990 juu ya Tahia Carioca, alisifu uchache wa harakati za mchezaji yule. Tukiikubali hoja hiyo, wingi wa kitambaa huwa hatari. Wafuasi wa mtindo wa FatChanceBellyDance, kundi aliloliasisi Carolena Nericcio huko San Francisco mwaka 1987, huvaa sketi za marinda zenye pindo la hata yadi 25. Kundi zima likizunguka, hupendeza mno. Kwa mchezaji mmoja atakaye tuuone mtikisiko mdogo wa nyonga, marinda hayo ni kama pambo la maneno ambamo maana imezama. Fifi Abdou alisifika akicheza kwa kanzu nyeupe, wala hakupungukiwa na kitu.

Sisi wa visiwani tunalijua jambo hili. Katika unyago, aliotufunza marehemu Bi Kidude kuuheshimu, kanga haishonwi. Hufungwa nyongani, pale macho yanapotakiwa kutua. Na taarabu yetu iliazima ala na mitindo kutoka Cairo, ikakatwa kwa kipimo cha Kiswahili, na leo hakuna aiitaye nguo ya kuazima.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Ajishoneaye ana madeni mawili. La kwanza ni kwa mwili wake, nalo hulilipa kwa mkasi. La pili ni kwa Misri, nalo mkasi hauwezi kulilipa: hulipwa kwa kuitaja. Atajaye alikoazima, kisha akakata kwa kipimo chake, huyo nguo imemsitiri.