Bahari Kuu ni ya Nani?

Miongoni mwa istilahi zinazotumika sana katika nyaraka za uvuvi ni "bahari kuu". Ni istilahi fupi, ya asili na yenye kueleweka, sifa ambazo sote tunazipenda. Hata hivyo tumeona vema kuichunguza, kwani imetwishwa mzigo unaoizidi nguvu.

Kwa mvuvi wa pwani, bahari kuu ni maji yaliyo nje ya miamba, mbali na ufuko. Kwa mwanasheria, ni bahari isiyo chini ya taifa lolote, ambako Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 unazipa nchi zote uhuru wa kuvua kwa masharti. Lakini nchini Tanzania, Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1998, hutoa leseni za kuvua katika ukanda wa kiuchumi wa bahari, yaani maji yaanziayo mpaka wa maili 12 hadi maili 200 za baharini, ambamo samaki ni haki ya taifa. Hivyo neno moja lataja kilicho chetu na kisicho cha mtu.

Yawezekana msomaji akajibu kwamba muktadha utatofautisha. Muktadha haufai kitu pale mada inapokuwa samaki wasiojua mipaka. Tuchukue sentensi hii: "Nchi zinazohusika zitapatana juu ya hifadhi ya samaki wa bahari kuu." Nchi zipi? Ibara ya 63 ya Mkataba imetenga hali mbili. Samaki wakiwa katika kanda za kiuchumi za majirani, kama vile Kenya na Tanzania, majirani hao ndio watakaotafuta mapatano. Wakiwa katika ukanda wa nchi na pia katika maji yaliyo nje yake, hapana budi nchi za mbali zinazowavua huko nje nazo ziitwe. Kwa hiyo mfasiri asiyepambanua huongeza au hupunguza viti katika baraza, bila ya yeye mwenyewe kujua.

Wengine wamependekeza "uvuvi wa kina kirefu". Hatuliungi mkono pendekezo hilo. Jodari wengi wanaovuliwa kwa nyavu za kuzungushia hupatikana karibu na uso wa maji. Kinachowatenga na samaki wa pwani ni umbali, si kina.

Maoni yetu ni haya. "Bahari kuu" ibakie kwa maji yaliyo nje ya mamlaka ya mataifa. Maji ya taifa yaliyo ng'ambo ya maili 12 yaitwe daima "ukanda wa kiuchumi wa bahari". Jina la Mamlaka ni jina la kisheria, nasi hatudai libadilishwe. Twataka tu lisichukuliwe kuwa ufafanuzi.

Tangu 2019 Kiswahili ni lugha rasmi ya SADC, jumuiya yenye Msumbiji, Komoro, Madagaska, Shelisheli na Morisi, nchi zenye jodari walewale tulio nao sisi. Nyaraka zitakuja kwa wingi mezani petu. Yafaa zikute istilahi zimekwisha kupangwa, kwani samaki aliyekwisha kuvuliwa hatarudishwa baharini kwa masahihisho ya tafsiri.